Matuta Kumi na Mawili ya Mzee Tharsisi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2014, Mzee Tharsisi Niyibizi, mtunza bustani wa shule yetu hapa Kitanga, anastaafu baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja.

Alifika mwaka 1983 na jembe lake mwenyewe begani, maana la shule halikuwa na mpini. Akaonyeshwa bonde lililojaa matete nyuma ya mabweni, akaambiwa aone cha kufanya. Hadi leo wanafunzi mia nne wanakula alichokifanya: matuta kumi na mawili ya kabichi, figiri, vitunguu na mchicha, ambao yeye huuita lengalenga na hataki kusahihishwa. Kila asubuhi huziamkia mboga zake "mwakeye" kwa Kiha kabla hajatusalimia sisi walimu. Tumeshazoea kuwa wa pili.

Kulima kila mtu anajua. Ujuzi wa Mzee Tharsisi ni kuiandaa ardhi kabla ya kiangazi. Mei, mvua zikianza kuaga na udongo ukiwa bado na unyevu, huchimbua matuta, huchanganya samadi ya mbuzi na mboji, kisha huyafunika kwa nyasi kavu unene wa vidole vinne. Nyasi huzibeba kwa baiskeli, mzigo mkubwa hata baiskeli isionekane. Mpishi wetu Pasikali husema mwezi huo vichaka hutembea.

Mwaka 2012 tulitarajia wageni wa ukaguzi, Ijumaa ya mwisho ya Mei. Mzee alikuwa ameenda Kasulu mjini kutafuta mbegu. Mwalimu wa zamu akapita bondeni, akaona nyasi zimetapakaa kila mahali, akaona aibu. Sisi tulilelewa kwamba pasafi ni pale palipofagiliwa hadi udongo ukaonekana. Akawatoa wanafunzi na fagio, nyasi zikakusanywa na kuchomwa. Wageni walisifu usafi. Mwalimu huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Mzee aliporudi aliutazama moshi, akaniuliza kama wageni wamekula vizuri. Heri angenitukana. Nyasi nyingine za kutosha hazikupatikana, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kuchoma mapori. Kufikia Agosti matuta kumi na moja yalipasuka kama visigino vya mpiga matofali, na watoto wakala ugali na maharage matupu hadi mvua za Novemba. Majuto ni mjukuu, nami nilimlea huyo mjukuu kila nilipopita bwaloni.

Tuta la kumi na mbili, lililojificha nyuma ya shimo la mboji, wanafunzi hawakuliona. Siku moja ya Agosti hiyo Mzee aliniita hapo, akanishika mkono na kuuingiza chini ya nyasi. Jua lilikuwa kali, vumbi limejaa hewani, lakini huko chini palikuwa na ubaridi na unyevu, na nyungunyungu akanipita vidoleni. Nilipiga kelele. Yeye alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo kila Mei nakata nyasi pamoja naye.

Mwaka huu hofu yetu ilikuwa moja: nani ataishika bustani? Mtunza bustani mwingine hajapatikana, na kiangazi hakisubiri barua. Mkuu wa shule alimwomba Mzee achague mtu miongoni mwetu. Wapo waliosomea kilimo. Akanitaja mimi. Kikao kizima kiligeuka kunitazama, na kusema kweli nilitamani sakafu inimeze. Mkuu alipouliza sababu, Mzee alijibu kwa utulivu: "Huyu ameshachoma. Wengine bado hawajachoma."

Kuhusu zawadi, tulikuwa tumepanga godoro. Ameshukuru, akasema la kwake halijachoka. Ameomba kila mgeni wa sherehe ya Jumamosi hii, tarehe 28, aje na mzigo wa nyasi kavu zisizo na mbegu. Wanafunzi wako likizo na bado tuta moja halijafunikwa. Ameliacha makusudi, tulifunike wenyewe yeye akiwa ameketi kwenye kiti. Tuna mashaka kama ataweza kuketi.

Mzee Tharsisi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote uliowalisha, ahsante sana. Upumzike kwa raha na afya huko nyumbani kwako Kasanda, na wajukuu wakuzoee. Ila Agosti tunaomba uje siku moja. Usipitie ofisini wala usitusalimie. Wasalimie kwanza wenyeji wako wa matutani, kisha ingiza mkono chini ya nyasi za tuta lolote utakalo. Nitakuwa nimesimama pembeni nikisubiri useme umekuta nini huko chini.