Nilishangilia Goli ya Bengine

Batata na bamama, mukisikia nasema na nguvu sana, munisamehe. Masikio yangu ilikufa, na njo hayo mambo nimesimama kuwaambia.

Nilitumika myaka mingi kwa mashini ya kuvunja majiwe ya shaba. Pale makelele ni mingi, unapaza sauti na mwenzako hasikie. Tulikuwa tunasemezana na mikono. Ngumi: simamisha. Kiganja juu: leta ingine. Mikono kukatana: imevunjika. Kijana yangu wa kwanza, tayari muntu mukubwa, aliingia mu kazi ileile. Mi mwenyewe nilimufundisha.

Siku ya Mungu, tukitoka ku kanisa, tulikuwa na kanisa yetu ya pili. Pasta, usikasirike! Ilikuwa radio, na ekipe yetu ya mupira ndani yake. Kwa mambo mingi mi na kijana hatukupatana, lakini kwa ekipe tulikuwa muntu moja.

Halafu masikio ikaanza kufunga. Bandugu yangu, nilificha. Ku kazi nani angejua, na kule kila muntu anasema na mikono? Ku nyumba nilikuwa naangalia kijana: akiruka, naruka, akishika kichwa, nashika.

Siku moja bajirani balijaa mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba, kule Dilala. Kijana akaruka. Mi nikaruka, nikapiga makofi, nikaimba. Kumbe aliruka kwa hasira: ni bengine balitufunga! Bantu balicheka mpaka machozi. Jirani moja akanishika mukono: "Citoyen, unaimbia nani?" Kijana akanikaribia, nikasoma midomo yake: "Tata, haukusikia?"

Haya ilinikamata. Nikamutukana mbele ya bantu bote. "Toka mu lupango yangu, usirudie!" Akaenda kweli.

Kiangazi yote hakurudi. Kila Siku ya Mungu nilikaa mbele ya ile radio. Inasema ao imezimwa, sikujua. Nililia, bandugu, mi muntu wa mashini. Mama wa batoto aliona, akaenda kumutafuta kijana bila kuniambia.

Basi siku moja kijana akaingia. Hakunisalimia na kinywa. Akaweka kiti mbele yangu, akawasha radio, mikono ikaanza kusema. Kiganja juu: ekipe yetu inapanda. Ngumi: mwamuzi amesimamisha. Bidole bikakimbia juu ya goti yangu: yule wetu wa kushoto anaenda mbio. Karibu na mwisho, mikono ikakatana.

Tulifungwa. Bandugu, tulifungwa, na mi nilijua dakika ileile na bantu bote! Nikamushika: "Mutoto yangu, sisikie. Ni myaka mbili sisikie." Akaitika na kichwa tu. Alijua zamani.

Namushukuru Mungu, namushukuru mama wa batoto, na huyu kijana mwenye kukaa pale ku benchi ya tatu. Lakini sitawadanganya kama sasa ni furaha tupu. Hizi siku nikisema naye, haangalie macho yangu, anaangalia midomo. Mi najua ile kuangalia. Lelo asubuhi nikagusa sikio yake, nikamuuliza na mikono: imevunjika? Akainamisha kichwa, halafu akakatanisha mikono yake. Yeye mwenyewe aliniruhusu kuwaambia.

Nilimufundisha mikono, na nilimufundisha kuficha. Benye munatumika kwa makelele, museme mapema, kuona haya haiponyeshe masikio. Na sasa mukiitika amina, bandugu yangu, muinue mikono. Tuko bawili benye tunataka kuiona.