Kila Kitu cha Ardith Kimehamia Mbele

Benchi letu ni ubao wa mwaloni juu ya matofali, mbele ya duka la Loretta la chakula cha mifugo hapa Pruitt Fork, na kama kuna mahali Missouri nzima ambapo watu wanaongea zaidi na kujua kidogo zaidi, mimi sijapaona. Kahawa ni ya bure mpaka saa tatu na nusu, kwa hiyo sisi tunafika saa moja. Yupo Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji; miaka kumi na moja iliyopita aliitwa mahakamani kukaa na wazee wa baraza siku tatu, kesi ya nguruwe, na tangu hapo hatupumui. Yupo Koplo, aliyemaliza miaka yake yote ya jeshi Ujerumani akimenya viazi. Yupo Dallas Murrow, tunayemwita Katikati, kwa sababu hajawahi kutusimulia risasi yake hata moja iliyokwenda pembeni. Na mimi ni Majani, nauza majani makavu ya ng'ombe. Jumamosi moja ya Oktoba, wiki chache kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, tulikaa pale kuamua kwa nini Ardith Pell anauza nyumba yake.

Kibao kilikuwa kimesimama getini kwake tangu alfajiri, na kila mmoja wetu alikipita akiwa njiani. Ardith ana miaka sabini na mmoja. Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe Floyd kwa mikono yake, na mama wa watu ameishi humo miaka arobaini na sita. Shamba lake limepakana na la Katikati. Kati ya nyumba hizo mbili kuna kilima kifupi, na kwenye kilima hicho, upande wa Katikati, ndipo alipotengeneza uwanja wake wa shabaha masika iliyopita. Ni sahani tatu za chuma zinazoning'inia kwenye minyororo, karatasi zenye miduara, na nyuma yake marobota tisa ya majani ya kuzuia risasi. Marobota hayo nilimpa mimi. Yalinyeshewa mvua yakaota ukungu, ng'ombe wakayakataa, nikampelekea kwa trekta na kumpangia mwenyewe. Wenzangu wakanisifu wiki nzima kwa ujirani mwema.

Katikati alikuwa wa kwanza kulisema jambo lenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

— Kibao kimeangalia kwangu, akasema. Kimegeuzwa makusudi. Ananitukana.

— Kimeangalia barabarani, nikamwambia. Vibao vya kuuza vinaangalia barabarani.

— Wewe Majani huelewi wanawake.

Hilo lilitoka kwa mtu aliyeachwa mara mbili, na wa pili alimwachia mbwa akachukua friji.

Jaji akajikohoza, akaweka kikombe chini. Akijikohoza hivyo ujue sheria inakuja. Akatufafanulia kwamba shamba la mtu ni shamba la mtu, na bunduki yake ni bunduki yake, na hakuna mahakama katika kaunti hii itakayomzuia Katikati kupiga sahani zake kila jioni saa kumi na moja na kila Jumamosi asubuhi kabla ya kahawa. Nikamkumbusha kwamba hakuna aliyesema lolote kuhusu mahakama. Akasema ndiyo maana anatahadharisha.

— Lakini huyo mama hajawahi kunilalamikia, akasema Katikati. Hata mara moja. Alhamisi tumepishana pale darajani, kaniinulia vidole viwili vya salamu juu ya usukani kama kawaida. Mtu mwenye kinyongo anakuinulia vidole?

— Hakuinulii, akasema Koplo.

— Basi si mimi.

Na wote tukakubaliana kwamba si yeye. Hapa kwetu mtu hampigii simu sherifu kwa sababu ya jirani, wala haendi kumgongea mlango kumwambia unanikera. Ukifanya hivyo umekwisha. Hata kanisani watakuachia nafasi pande zote mbili. Unachofanya ni kusogeza vitu vyako kimyakimya, unaendelea kusalimia, na unamngoja mwenzio atumie akili. Ardith amezaliwa hapa, utaratibu anaujua. Kosa lake ni kudhani kwamba akili ipo.

Maana vitu alikuwa amevisogeza, na benchi lilikuwa na habari zake zote. Mwezi wa sita alihamisha kamba ya nguo kutoka nyuma ya nyumba akaileta mbele, mpaka shumizi zake zikawa zinapepea machoni pa kila apitaye barabarani. Mwezi wa saba akahamisha mizinga ya nyuki. Mwezi wa nane kiti chake cha kuketi jioni kikatoka baraza la nyuma kikaja la mbele, penye vumbi na malori. Mbwa wake akawa anafungwa mbele. Hata bustani ya nyanya aliiacha ioze ikiwa na matunda, na Ardith ni mtu wa kuokota nyanya iliyoanguka na kuifuta.

— Kamba ya nguo ndiyo siri yote, akasema Koplo. Mimi nimeliona jambo hili mapema. Ana mwanamume.

— Ana miaka sabini na mmoja, nikasema.

— Ndiyo hasa. Haraka imemshika. Kamba ameileta mbele ili huyo bwana akipita ajue kama hali ni shwari. Shumizi nyeupe, ingia. Shumizi ya bluu, mtoto wake wa Springfield yupo, pita zako.

— Na nyuki?

— Nyuki wa nini?

— Mizinga ya nyuki, Koplo. Nayo imehamia mbele. Ni ya kumwambia nini huyo bwana?

Koplo akanywa kahawa akitafuta uongo mwingine. Hakuukosa. Akasema bwana mwenyewe ni mfuga nyuki.

Jaji akadai huo ni upuuzi mtupu, jambo ambalo lingekuwa la heshima kama angeishia hapo. Kwa maoni yake Ardith alikuwa anatengeneza ushahidi. Mtu akitaka kushtaki, lazima kwanza aonyeshe kwamba hatumii tena sehemu fulani ya shamba lake. Leo kamba, kesho kiti, keshokutwa nyanya, vyote vimepigwa picha na kuandikwa tarehe. Halafu anaweka kibao cha kuuza ili wazee wa baraza wamwonee huruma. Jaji alisema anaujua mchezo huo, kwani mwenye nguruwe naye aliucheza.

— Sasa ananishtaki kwa lipi? akauliza Katikati.

— Hilo analificha. Ndiyo ujanja wenyewe.

— Kelele?

— Kelele si kosa. Nimekwambia, shamba lako.

— Nami risasi zangu zote zinakwenda katikati.

— Hilo nalo tutalisema mahakamani.

Loretta alitoka na birika, akatumiminia bila kututazama. Aliuliza kama kuna mmoja wetu amepita kwa Ardith kumuuliza mwenyewe. Jaji akamjibu kwa upole mwingi kwamba katika hatua hii haishauriwi kuwasiliana na upande wa pili. Loretta akarudi ndani. Huwa anatuvumilia kama mtu anavyovumilia kuku wa jirani.

Nami nisijitoe. Nilikuwa na maelezo yangu, na niliyapenda. Nikawaambia Ardith anaogopa upande wa nyuma kwa sababu Floyd alifia pale, kwenye ngazi za jikoni, na uzee ukiingia, kumbukumbu zinarudi kwa nguvu. Wakanisikiliza kwa heshima. Floyd alifia hospitali, nami nilikuwa kwenye chumba hicho hicho nikiwa nimeshika kofia yake, lakini asubuhi ile nilikuwa nimenogewa.

Koplo hakukubali kushindwa. Akasogea mbele, akapunguza sauti, akasema tusimtaje yeye kama tutahojiwa, lakini chini ya kilima kile jeshi limechimba. Ndiyo maana mama anakimbilia mbele, anasikia mitambo usiku. Alipokuwa Ujerumani aliona vilima vya namna hiyo, vimefunikwa majani juu, chini kuna barabara.

— Ulikuwa jikoni, nikasema.

— Jikoni unaona mengi. Unajua wanapikiwa wangapi.

— Basi mimi napigia shabaha juu ya jeshi, akasema Katikati, na nikaona wazo hilo limempendeza.

Tulikuwa hapo, kilima kimeshajaa askari, lori la gesi lilipoingia na kusimama kando ya pipa la chumvi ya ng'ombe. Akashuka dereva, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, glavu zimechomekwa mfukoni. Hatukumfahamu. Alijitambulisha kwamba anaitwa Renae, amepewa njia hii tangu Jumatatu, baada ya mzee wa zamani kustaafu, na kama kahawa ipo hatakataa. Loretta akamletea. Akaegemea nguzo, akasema ametoka kuhamisha tangi la gesi la mama mmoja hapo juu, lilikuwa nyuma ya nyumba, akalinyanyua kwa winchi ya lori akaliweka mbele, akalijaza.

Benchi zima likamgeukia.

— Kwa Ardith Pell? akauliza Jaji. Alikwambia kwa nini?

— Nilimuuliza. Akasema anauza nyumba na hatamwachia mtu mwingine tangi mahali pale.

— Mmesikia, akasema Jaji. Ushahidi.

— Au magari ya jeshi, akasema Koplo. Yanahitaji nafasi.

Renae akawatazama mmoja baada ya mwingine akidhani wanatania. Kisha akatuambia asubuhi akiwa kazini alisikia milio upande wa kilima, saa moja kasoro, karibu sana. Katikati akanyoosha mgongo. Akamwambia ni yeye huyo, akamweleza uwanja wake wote, sahani, minyororo, darubini mpya, risasi ishirini asubuhi ile na zote pale pale. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kiasi kile mbele ya mgeni. Akamwambia na marobota, akaninyooshea kidole, huyu ndiye aliyenipa, tisa, yana unene wa futi tano.

— Majani? akauliza Renae.

— Majani. Yamebanwa na mashine.

— Kaka yangu alifanya hivyo kule kwetu. Risasi ziliyapita yote. Tulizikuta kwenye mlango wa trekta.

— Yake labda yalikuwa malegevu, nikasema. Nilisema hivyo kweli, na mpaka leo nikikumbuka sauti yangu natamani kujizaba kofi.

Renae hakubishana. Alikuwa ameacha kunywa, anafikiri.

— Nyuma ya hayo marobota kuna nini?

— Nyuma kuna kilima, akasema Katikati. Kinashuka kidogo, siyo kirefu sana. Halafu kuna uzio. Halafu kuna...

Si kwamba alikuwa hajui. Amezaliwa kwenye shamba lile. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miezi saba kuitembeza akili yake kupita pale risasi zake zinapotoweka. Midomo iliendelea kidogo bila sauti, kama mtu anayehesabu hatua.

— Umeshawahi kwenda kuyatazama kwa upande ule? akauliza Renae.

— Ni shamba lake, akasema Jaji haraka. Kisheria hawezi kuingia...

— Nyamaza, Jaji, nikamwambia.

Akanyamaza. Sikumbuki lini aliwahi kunyamaza kabla ya hapo.

Renae akaweka kikombe juu ya benchi, kati yangu na Koplo. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliongea taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa kitu alichokiona bila kukielewa.

— Yule mama, akasema, nilipokuwa nafunga mipira ya gesi kule nyuma, alitoka nje akiwa amevaa koti juu ya gauni la kulalia. Milio ilikuwa imeanza. Akaja kusimama hapa, begani kwangu, kati yangu na kile kilima. Nikamwambia, mama, kaa pembeni, gesi hii. Hakusogea. Nikihamia kushoto, naye anahamia kushoto. Nikadhani ana baridi, anatafuta joto la injini. Alisimama hivyo mpaka nikamaliza, ananiuliza habari za wanangu.

Katikati alikuwa amevua kofia. Alikuwa anatazama ndani yake.

— Sasa nyinyi ndio majirani zake, akasema Renae. Alikuwa ananikinga na nini?

Akatungoja. Gari lilipita, dereva akainua vidole viwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitikia. Jibu nilikuwa nalo. Risasi, zilizopenya marobota niliyoyapanga mwenyewe kwa trekta langu, matatu chini, matatu kati, matatu juu.