Gaya wa Columbus

Mmeniomba tena. Kila nikikaa, mtu ananivuta kitenge: Koko, tuambie ya Gaya. Mimi ni bibi kizee, si redio. Shule niliiacha darasa la pili na kuandika kunaniumiza vidole, lakini nikimwachia Balagizi ataiharibu, maana ndiye aliyeiharibu toka mwanzo. Hapa Louisville tuna benchi letu mbele ya nyumba ya kufulia nguo. Jumamosi mashine zinazunguka ndani, sisi tuko nje na termosi yangu ya kahawa. Balagizi tunamwita Overtaimu, kwa kuwa anafanya kazi kiwandani Jeffersontown hata siku ya Pasaka. Rugamba wa milimani aliwahi kuishi Lackawanna, kando ya Buffalo, naye tunamwita Theluji. Hakuna jambo asilolipima kwa theluji. Siku hiyo mwenzetu Cubaka alikuwa hajafika, na asiyekuwepo ndiye kitafunio.

— Cubaka iko na mwanamuke Columbus, akasema Overtaimu. Jina yake Gaya.

— Nani alikuambia? nikauliza.

— Bibi yake mwenyewe, Chimène! Alimusikia kwa telefone: «Gaya iko na homa. Gaya iko na joto sana.» Kiisha anakamata gari, anaenda. Sasa Chimène anamulalisha kwa kanape, si kwa kitanda, anataka kuhamia kwa kaka yake Buffalo.

— Donc ni mujane, akasema Theluji. Lackawanna kulikuwa mujane mumoja na homa ya namna ile, theluji haikukaa kwa paa yake.

— Mujane gani! Ni daktari, na iko na nyumba ya orofa. Haba na haba hujaza kibaba: leo homa, kesho mutoto.

Nikamwambia anywe anyamaze. Hapo Cubaka akatokea, na nyuma yake Chimène na beseni la nguo, uso umefungwa kama duka la Jumapili.

— Gaya ni dunia! Cubaka akapaza sauti. Ni hii udongo! Wagiriki wa zamani waliita dunia Gaya, mama ya vyote. Elie, mutoto wa dada yangu, anasoma mambo ya udongo kule chuo ya Columbus, ni yeye ananifundisha kwa telefone. Hata wanasayansi wamoja wanasema dunia iko kama mwili: miti, vijidudu, bahari, vyote vinasaidiana kupima joto yake, kama wewe unavyotoka jasho. Iko na pumuzi yake! Si wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu? Bon, ulimwengu ni mama!

— Iko na bwana? akauliza Overtaimu.

Mwenye akili angenyamaza. Cubaka akajibu.

— Bwana yake ni Mbingu. Alimuzaa mwenyewe, kiisha akaolewa naye. Bwana alipomuchosha, akatengeneza mundu, akapatia kijana yake wa mwisho, akamukata baba yake kule.

— Kule wapi?

— Kule.

Wanaume wakabana magoti.

— Na ni huyo unaniachia nyumba? Chimène akatua beseni.

— Si mwanamuke, Mama Bulonza!

— Iko na pumuzi, unasema. Mimi niko na pumuzi kando yako miaka makumi mbili, haujashangaa hata siku moja. Mwezi wa pili nilikuwa na homa, ukasema nimeze kidonge, ukaenda kazi. Gaya akipata homa, unaendesha gari mpaka Columbus!

Hata mimi wivu ulinishika, sitaficha. Marehemu wangu alijua napumua pale tu nilipokoroma.

Mlangoni alisimama mgeni, Athanasi wa Kigoma, akisubiri mashine ya kukaushia.

— Samahani wazee, akasema, Kiswahili chenu kinanipiga chenga. Huyo Gaya, ana homa au ina homa?

Sisi wa Kivu, kule Kongo, mtu iko, mbuzi iko, mlango iko, na tunaelewana. Hakuna aliyewahi kutulazimisha kuchagua.

— Jibu, baba Bulonza, akasema Chimène. Ana ao ina?

— Sema ina, ndugu, Theluji akanong'ona. Ina! Ulale kwa kitanda!

Cubaka akatazama udongo kwenye ufa wa sementi, kama mtu anayeaga.

— Ana, akasema.

Nikamgeukia Athanasi, mwenye Kiswahili chake kilichonyooka: ni kweli, ana? Akasema mashine ya kukaushia imepatikana, akaingia ndani. Termosi ilikuwa tupu.

Kwetu, mwanaume akikiri mwanamke wa pili, analipa lamande, yaani faini: mbuzi kwa kaka wa mke. Mkubwa pale nilikuwa mimi, nikahukumu. Cubaka akanunua mbuzi kwa mkulima, akamchinja, akampanga kwenye kisanduku cha barafu, akashika njia ya Buffalo, Chimène kiti cha mbele. Njia hiyo inapita Columbus. Elie akapiga simu. Chimène akaipokea mwenyewe.

— Mwambie Gaya tunapita.

Wakapita. Cubaka hakuruhusiwa kusimama Columbus hata kukojoa. Alilipa mbuzi mzima, na kibofu juu yake.