Mkono wa Speciose na Darasa la Kwanza

Pikapu ilipotoka Nkwenda kwenda Kaisho, Telesfori alikuwa amekalia gunia lake la maharage, akisikiliza mambo yasiyomhusu.

Mukandekezi alikuwa amempakata mjukuu wake, Speciose, msichana wa miaka minane aliyewahi kupasuliwa moyo. "Mwalimu amemkataa tena darasa la kwanza," alimwambia Hatibu, muuza vitenge. "Anapitisha mkono juu ya kichwa, haugusi sikio la upande wa pili."

"Basi hajakomaa, mama. Mkono ukifika, akili nayo imefika."

Telesfori akajipima taratibu. Sikio lilifikika. Akatulia.

"Mzee wangu, ule ugonjwa ulimdumaza mwili. Daktari alisema hata kushika mambo anaweza kuchelewa, kwa hiyo aanze kufundishwa mapema, acheze na wenzake. Nimngoje mpaka lini?"

"Daktari anajua moyo, mwalimu anajua shule. Mwanangu Othman alilifikia sikio akiwa na miaka mitano tu!"

"Hongera. Yuko darasa la ngapi?"

Hatibu akakohoa. "La pili."

"Tangu lini?"

"Mama, ya nyumbani kwangu tuyaache."

Gari zima likacheka, Telesfori akiwa wa mwisho, maana alikuwa bado anahesabu madarasa yake mwenyewe.

Pikapu iliposimama Kaisho, Mukandekezi alimteremsha mtoto, wakashika njia ya shuleni.

"Mama, si umesema mwalimu alishakataa?" Hatibu akapaza sauti.

"Alikataa mkono, mzee. Leo nampelekea mtoto."