Nimeoa

"Ulisoma barua yangu kama mnada!" "Mama Jannat, jenereta ilikuwa inanguruma, ungesikia namna gani?" Walikatana maneno mu basi tangu Gitega: Zawadi, mama ya Jannat, asiyeona, na Kamran, mwenye duka la kompyuta za intaneti. "Bwana yangu ananiandikia toka kambi ya wakimbizi, we unapiga kelele 'Nimeoa!', papo hapo jenereta inazima. Kila mteja alisikia!" "Leo si nimekuchapia yote kwa karatasi?" "Karatasi iko na mdomo? Vyombo vyako ni vya wenye macho." "Mi ndiye nilivitengeneza?" Mi, abiria wa pembeni ya Zawadi, nikacheka, ile ya pua. Karibu na Muyinga, askari wakasimamisha basi kwa bariyeri, kizuizi cha barabara, injini ikazima. Zawadi akachomoa karatasi kwa kitenge, akanigusa goti. "We unayecheka. Nisomee kipande kilichobaki nyuma ya 'Nimeoa'. Polepole, mu sikio."