Piga Simu Hata Ardhi Ikitulia

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji wetu, wazee wa Kibugu, Mama Wawira mzazi wetu, na wewe mwanawe, Daktari Nyamu, mtaalamu wa matetemeko tunayekuaga leo urudi ng'ambo: hamjambo nyote?

Nimeombwa, kama mwalimu aliyekufundisha jiografia, nikusifu. Nitakusifu, lakini usikae kwa starehe sana.

Wangapi hapa bado wanadhani nchi hutikisika kwa kuwa Mungu amekasirika? Nyamu ametufunza vingine. Kule Bonde la Ufa ardhi inavutwa pande mbili, polepole, mwaka baada ya mwaka. Miamba huvumilia, huvumilia, kisha huteleza ghafla. Matetemeko madogo hutokea Kenya mara kwa mara, na mengi hunaswa na mitambo tu, sisi tukiendelea kuchuma chai. Makubwa, kama lile la Subukia la mwaka 1928, ni nadra. Mwanasiasa gani ametuachia barabara itakayodumu kama somo hilo?

Lakini ni nani amewahi kujiuliza kwa nini Mama Wawira anapenda matetemeko?

Nchi ikitikisika, mitambo humwarifu Nyamu, naye hupiga simu.

"Mama, mmetikisika?"

"Sana, mwanangu! Vikombe vyote chini!"

Mimi ni jirani. Vikombe hivyo nimevinywea chai. Ni vizima vyote.

Mwaka jana ardhi ikatulia miezi mingi. Mama akaniuliza langoni, "Mwalimu, kwani huko chini wamelala?" Mwishowe akapiga simu yeye mwenyewe, mimi nikiwa jikoni kwake.

"Nyamu, jana tulitikisika."

"Mama, mitambo yangu haikuona kitu."

"Mitambo yako haiko jikoni kwangu."

Mnacheka. Mimi siku hiyo sikucheka, kwa sababu alipokata simu aliishika mkononi mpaka chai yangu ikapoa. Daktari, wewe unayesikia jiwe likiteleza kilomita nyingi chini ya ardhi, hilo hukulisikia?

Sikuambii uache kazi. Kazi yako itaokoa watu, na sisi tutajivuna nayo hadi Embu mjini. Nakuomba jambo moja mbele ya Chifu: piga simu siku ambayo ardhi haijafanya lolote. Muulize mama amepika nini. Muulize mvua. Hatahitaji tena kuviangusha vikombe.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Sasa chai imiminwe. Nyamu, anza na kikombe cha mama.