Mkwe Aliyekohoa Nje ya Lango

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Na asifiwe tena! Nyinyi wa benchi ya nyuma hamjaitika, na msidhani sijui ni nani. Wewe mwenye sweta nyekundu, nakuona! Mama mwenye mtoto mgongoni, nakuona! Na mzee wa kanisa unayepiga miayo hata ushuhuda haujaanza, wewe pia nakuona. Haleluya! Anayewaambia "nakuona" ni Mama Wambeti wa hapa hapa Siakago, yule mliyekuwa mkimshika mkono mpaka kwenye kiti chake.

Ndugu zangu, giza lilinijia polepole. Kwanza nilidhani ni moshi wa jikoni. Halafu nikadhani ni vumbi la kiangazi, maana vumbi letu mnalijua. Nikaanza kupika ndengu pamoja na mawe, na majirani wakila kwangu walitafuna kwa hofu. Siku moja nilimsalimia mbuzi wa jirani nikidhani ni jirani mwenyewe, nikamwuliza habari za watoto, na mbuzi akaitika! Tulicheka sana siku hiyo. Lakini asubuhi nyingine nilitoka nje nikauliza mbona leo kunachelewa kupambazuka, na jirani huyo huyo akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonieleza kila kitu.

Wengine walisema nimerogwa. Mwingine akaniuzia maji ya mizizi, nikayatia machoni, nikalia kutwa nzima kama aliyefiwa. Nilimwoza binti yangu Wambeti bila kumwona. Nilipapasa gauni lake kwa vidole, nikapapasa na shada la maua kichwani, nikasema umependeza mwanangu. Ningejuaje?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno. Kwetu Mbeere, na kama kuna mgeni nitamweleza, mama na mume wa binti yake hawakutani ovyo uso kwa uso. Wakionana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Hawali pamoja. Na kulala chini ya paa moja? Huo ni mwiko, na niliambiwa nikiwa mdogo kwamba mwiko ukivunjwa, mwili unalipa. Lakini ndugu zangu, kukwepana ni kazi ya macho! Asiyeona atamkwepa nani?

Binti yangu aliolewa na Mwiti, kijana wa Muthara, kule Tigania. Watu wa kwetu walinung'unika. Mmeru wa kule juu kwenye miraa atajua nini heshima yetu? Basi niwaambie alichofanya. Kila alipokuja kututembelea alikohoa kutoka mbali, "Ehe! Ehem!", ili nijue anakuja. Akinikuta njiani na fimbo yangu, alikohoa, akasema, "Mama, pita tu, mimi niko upande wa kushoto." Na upande wa kushoto, mnaijua njia yangu, ni miiba mitupu! Alisimama ndani ya miiba mpaka nipite. Alifanya adabu ya watu wawili peke yake. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilichokijua ni kikohozi.

Mwiti ni mpishi katika hoteli moja kubwa pale Nairobi. Yeye na Wambeti ndio walionitafutia daktari huko huko. Daktari alipima, akasema jicho la kulia limeshakufa, lakini la kushoto ni mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa. Akanieleza ukweli: hili ndilo limebaki, likikataa hakuna jingine. Tulifunga na kuomba, nyinyi ni mashahidi. Nikapasuliwa mchana, nikafungwa bandeji, nikaambiwa nirudi asubuhi ifunguliwe. Nisiiname, nisisugue, nisikae penye vumbi, na juu ya yote nisilie.

Basi nitalala wapi? Kwa Wambeti siwezi, ile ni nyumba ya mkwe. Wambeti akaniambia, "Mama, utalala hotelini, ni ng'ambo tu ya barabara." Moyo ukaanguka! Mimi hoteli ninazozijua ni zile za soko letu: benchi, chai ya mkandaa isiyo na maziwa, mandazi na nzi. Nikawaza, na jicho langu bichi hivi, nitalazwa juu ya benchi karibu na sufuria? Nikasema kimoyomoyo, Mwathani, Bwana wangu, mapenzi yako yatimizwe, hata juu ya benchi.

Ndugu zangu! Tulipofika, mlango ulitufungukia wenyewe. Nikasema "asante, mwanangu," na Wambeti akaniambia hakuna mtu hapo. Ndani palikuwa na ubaridi mtamu na harufu ya maua na malimau. Chini palikuwa laini, nikadhani nimekanyaga blanketi la mtu, nikavua viatu mbio. Kumbe ni zulia! Kisha nikasikia maji yakimwagika, yanamwagika tu, wala hakuna anayeshughulika. Mimi ni mtu wa Siakago, maji nayachotea mbali. Nikapaza sauti, "Jamani, fungeni mfereji, maji yanapotea!" Watu wakacheka kwa upole, wakaniambia ni mapambo. Maji ya mapambo! Nilisimama hapo nikiyasikiliza, nikaona kweli Mungu ana watoto wengine wanaishi vizuri.

Na heshima yao! Kijana mmoja alinipa taulo la moto la kujifuta mikono, mwingine akanipokea kikapu changu chenye ndizi za kuchoma na unga wa mawele, akakibeba kama mzigo wa bibi harusi. Nilikuwa natabasamu na bandeji yangu. Ndipo msichana wa mapokezi, mtoto mzuri asiye na hatia, akasema kwa furaha, "Karibu sana, mama mkwe wa Mwiti! Yuko hapa hapa jikoni, zamu yake ni mpaka kesho. Chumba hiki ndiyo zawadi yake ya mfanyakazi bora. Wengine huleta wake zao, yeye akasema ni cha mama."

Nikauliza, "Jikoni na chumbani, paa ni moja?"

Yule mtoto hakuelewa. "Mama, tuko na ghorofa nyingi sana."

"Sijauliza ghorofa. Nimeuliza paa."

"Paa... ni moja, mama."

Nikaketi pale pale chini, juu ya zulia lao. Wambeti akaninong'oneza, "Mama, Mwiti alifikiri hoteli si nyumba ya mtu, ni ya kila mtu." Nikamwambia paa halijui mwenyewe ni nani. Mimi nimeokoka, ndugu zangu, lakini ule mwiko ndani ya mifupa yangu ulikuwa bado haujaokoka! Nilitetemeka. Niliona wazi kwamba nikilala hapa, asubuhi bandeji itafunguliwa na jicho litakataa. Jicho la mwisho! Nikasema nipelekeni nje, nitaketi hata kwenye nyasi. Na nje kulikuwa na manyunyu na ule ubaridi wa Nairobi wa mwezi wa saba unaong'ata mifupa.

Wambeti akaenda pembeni na simu. Nikamsikia anasema, "Amekataa kabisa." Kisha akasema, "Una hakika?" Akarudi akanishika mkono.

"Mama, simama. Mwiti amempa mwenzake zamu, ametoka. Hayuko chini ya paa hili."

"Ametoka amekwenda wapi?"

"Ametoka tu, mama. Twende, jicho lisipigwe na baridi."

Nikadhani amekwenda kwake. Nikasimama.

Enyi watu! Tuliingia katika kijumba kidogo kikatubeba juu, sisi tukaenda, tumbo langu likabaki chini likinitafuta. Mlango wa chumba ulifunguliwa kwa kadi, si ufunguo. Kitanda kilikuwa kipana, familia nzima ingelala na wageni wakapata nafasi. Mashuka yalinukia jua. Maji moto yalitoka ukutani, bila kuni wala sufuria wala kuita mtu! Nilioga mpaka shingoni, nikaimba pambio bafuni, na bafu lenyewe likaniitikia. Kisha wakaleta chakula, sahani zimefunikwa, na pembeni bakuli la uji wa mawele. Nikaonja. Ulikuwa umechachuka kidogo, vile vile anavyoutengeneza mwanamke wa Mbeere. Nikasema, "Aliyepika uji huu amekula kwetu." Wambeti akasema tu, "Kunywa, mama." Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba Mwiti aliuacha tayari kabla hajavua aproni. Nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu giza liniingie.

Asubuhi tukavuka barabara. Daktari akafungua bandeji. Niliogopa kufumbua, nikakaa nimefumba nikiomba mpaka daktari akacheka, akasema, "Mama, wagonjwa wengine wanangoja." Nikafumbua.

Ndugu zangu! Niliona mkono! Daktari akauliza vidole ni vingapi, nikasema, "Viwili, na kucha zinataka kukatwa." Nikageuka nikamwona mwanamke mzima amesimama na leso mdomoni, ana paji la uso la mama yangu mzazi. Alikuwa Wambeti! Nilimwacha msichana, nikamkuta mwanamke. Daktari akakemea, "Usilie, mama!" Jamani, kuna amri ngumu kuliko hiyo?

Tukatoka. Nikaiona ile hoteli sasa kwa jicho langu. Ilikuwa ya vioo kuanzia chini mpaka juu, mawingu yanatembea ndani yake. Nilisimama kando ya barabara nikaishangaa, nikasema, hivi kweli mimi ndiye niliyelala mle? Mikono ya binadamu imejenga kitu kile, na Mungu akanipa jicho la kukitazama. Utukufu ni wake!

Nikateremsha jicho mpaka langoni. Kando ya lango, kwa nje, walinzi walikuwa wakiota moto wa jiko la makaa. Katikati yao alikuwa mtu mrefu, amevaa suruali nyeupe ya mpishi imelowa mpaka magotini, na koti la mlinzi ambalo mikono yake ilikuwa mifupi. Nyuma yake hapakuwa na kibanda, ni ukuta tu. Alikuwa anatazama upande wetu. Alipoona bandeji haipo, akageuka haraka akaelekeza uso ukutani.

Nikauliza, "Yule ni nani?" Kabla Wambeti hajajibu, nikasikia: "Ehe! Ehem!"

Nilijua. Wala hakuwa amekwenda kwake. Aliogopa jicho lisije likaniuma usiku naye awe mbali, lakini chini ya paa la hoteli hakuweza kukaa. Akasimama nje ya lango kwenye manyunyu mpaka asubuhi, ili mimi nilale ndani ya mashuka yenye harufu ya jua. Na hata sasa, baada ya yote hayo, bado ananipisha nipite.

Wambeti alikuwa ananitazama. Walinzi nao walikuwa wananitazama. Nilijua desturi inataka nini: nina jicho sasa, nijifunike leso, nipite ng'ambo. Lakini miguu ilikataa, na moyo ulikataa zaidi. Nikasogea karibu naye. Nikakohoa. "Ehe! Ehem!"

Mabega yake yakatikisika. Sikujua analia au anacheka. Nikasema, "Mwiti, mwanangu. Ni mama. Geuka, nimekuja kuuona uso wako."

Akasema bila kugeuka, "Mama, na mwiko?"

Nikatazama juu. Mvua ilikuwa imekatika, na juu yetu hapakuwa na kitu ila mbingu. Nikamwambia, "Unaona paa lile? Tuko chini yake mimi na wewe tangu tuzaliwe, na aliyeliezeka hajatudhuru."

Akageuka. Ni uso wa kawaida, ndugu zangu, una kovu dogo kwenye nyusi, na macho mekundu ya kukosa usingizi. Sijawahi kuona uso mzuri kama ule. Nilitazama juu haraka ili nisilie, daktari anisamehe.

Tulikula kiamsha kinywa pamoja, lakini msinichekelee, sikuingia naye ndani. Nimekombolewa, sijakosa adabu! Hoteli ile ina bustani yenye meza. Nikasema tuketi pale, na ule mwavuli mkubwa ufungwe kabisa, maana nao ni paa. Vijana wakaufunga bila kuuliza, heshima yao ni ya ajabu. Nikageuza kiti kidogo upande, nikala mbele ya mkwe wangu. Na jicho halikupofuka! Hili hapa, linawaona!

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa daktari, kwa Wambeti, na kwa wafanyakazi wa hoteli ile, kuanzia aliyenibebea kikapu. Lakini nimesimama hapa kwa sababu ya mtu wa langoni. Nilipomwona na suruali yake iliyolowa, ndipo nilipoelewa wimbo ninaouimba tangu ubatizo wangu, kwamba kuna mmoja alitolewa nje ya mji ili sisi tuingie. Nilikuwa naimba tu. Siku ile niliona.

Na wewe ambaye bado unatetemeka, unaogopa mwiko, unaogopa maneno ya watu, unaogopa giza, nakuomba leo usiendelee kulala peke yako. Yesu hatabomoa mlango wako, ana adabu kuliko mkwe wangu. Amesimama nje, amelowa, anakupisha upite. Nyamaza kidogo usikilize. Anakohoa. Mwambie, "Geuka, Bwana, niuone uso wako."